Kona ya Kulia

Fundi Elisaria ana swali moja tu,
penseli sikioni, vumbi la mkaratusi kwenye nyusi:
"Mama, kona ya kulia au ya kushoto?"

Nikasema nipe dakika.

Nimeshuka Majengo na vipimo mgongoni mwa mfuko wa sukari:
ukuta wa dirisha futi kumi na moja,
ukuta wa mlango tisa na kitu.
Utepe ni wa cherehani ya Nakijwa,
panya wameula hadi inchi ya tatu,
kwa hiyo kila kipimo, toa tatu.

Nimeyakalia yote aliyoyapanga barazani.
La velveti ya kijani, na vifungo mgongoni
kama gauni la mpambe wa bibi harusi;
kila kifungo shimo, kila shimo makombo ya andazi.
La kijivu, sponji yake inakumeza,
magoti yako yanakutazama usoni
na kuinuka ni mpaka uite mtu.
La krimu nililisikitikia tu.
Kwetu mikono yote ina utomvu wa ndizi.
Kisha hili la kahawia,
rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani.
Nikakaa. Likanivumilia.

"Kulia kwa nani?" nikamuuliza.
"Kwa aliyekaa, au kwa anayemtazama?"
Fundi akacheka mpaka penseli ikadondoka.
"Mama mmoja wa Kiboriloni hakuuliza hivyo.
Likarudi siku ileile, na matusi juu."

Nikafumba macho, nikaketi sebuleni kwangu
katikati ya kelele za randa.
Kushoto, meza na viti vinne: hapo ndipo chumba cha kulia.
Kulia, dirisha,
na robo saa ya Kibo kabla mawingu hayajaamka,
na kiti cha mbao cha Baba Aikande,
kitambaa nilichokifuma mwenyewe kikiteleza mgongoni,
redio pajani, mguu ukitikisika
hata kwenye matangazo ya vifo.

Kulia. Neno moja tu, na nyumba nzima imo:
mkono, chakula,
na lile jingine tunalolifanya tukigeukia ukuta.

Siku ile tulitoa viti vyote nje.
Vijana walivibeba kimoja kimoja, juu ya vichwa,
chake kikawa cha mwisho, hakuna aliyetaka kukishika.
Tukatandika magodoro ukuta hadi ukuta
na wanawake wakaja na kanga zao, wakajaa.
Nyumba ikitaka kupokea watu
kwanza inamwaga viti.

"Fundi, litapita mlangoni?"
"Mlango wako inchi ngapi?"
"Thelathini na nne."
Kisha nikakumbuka. "Toa tatu."
Akatikisa kichwa. "Likiwa zima, halipiti."
"Linaachana?"

Akapiga goti, akaingiza mkono chini ya kona,
nikasikia chuma kikisema ka.
Kulabu mbili, basi.
Kochi likawa makochi mawili,
na kati yake sakafu, na juu ya sakafu
msumari uliopinda na kuku wa jirani.

"Wote huniuliza litadumu miaka mingapi," akasema,
akipangusa magoti.
"Wewe ndiye wa kwanza kuuliza litatokaje."

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu Desemba:
Aikande na wake watatu kutoka Mwanza,
Eliakimu na mchumba asiyekula kiburu,
shangazi wawili ambao hawakai pamoja
ila kukiwa na kona ya kuwatenga.
Watatosha. Mwingine akilala, miguu yake itatosha.

Nikafungua pindo la kanga,
nusu ya mgawo wangu wa kikoba, noti zingine zina harufu ya dagaa.
"Ya kulia," nikasema.
"Kwa aliyekaa?"
"Kwa aliyekaa."

Risiti aliniandikia nyuma ya kipande cha msasa,
taratibu, akilamba penseli:
*kahawia. kona kulia. inaachana.*
Nikaikunja, upande mkwaruzo ndani.